Twiga wa Sauti ya Nne

Simu ya msiba ilinikuta Olasiti, nimechuchumaa kando ya barabara mbele ya punda aliyebebeshwa godoro. Godoro lilikuwa jipya, bado limo ndani ya nailoni yake, na punda alikuwa amelala chini na kukataa kunyanyuka, huku mwenye punda na mwenye godoro wakibishana nani kati yao amemchosha. Mtu wa umri wangu, mstaafu mwenye goti linalolalamika kila likikunjwa, hana sababu ya kuchuchumaa barabarani kwa ajili ya punda, lakini nilikuwa namsubiri ainue sikio moja. Alipoliinua nikampiga picha, na simu ikaita papo hapo mkononi mwangu. Alikuwa mjukuu wa Mzee Anaeli. "Shikamoo bibi. Babu ametuacha leo asubuhi. Wiki hii alituambia akiondoka tukuite wewe, tena uje na ile nyingine. Tukamuuliza, nyingine ipi? Akacheka tu."

Nilijua ni ipi. Nilirudi nyumbani Njiro, nikapanda juu ya kiti cha jikoni na kushusha kutoka juu ya kabati kopo la biskuti lenye picha moja, ambalo wanangu walikatazwa kuligusa tangu wadogo. Niseme mapema kwamba sikuwahi kuwa mpiga picha wa kazi. Nilikuwa katibu muhtasi hadi nilipostaafu, na picha nilipiga likizo na Jumapili, kwa raha zangu. Ninao viboko wa Babati wakipiga miayo kwa pamoja, ninaye tumbili wa Lushoto aliyekalia kiti cha kinyozi akisubiri zamu, ninaye kuku aliyesafiri hadi Singida akiwa amelala kwenye paja la askari wa usalama barabarani. Wenzangu ofisini walirudi likizo na picha zao wamesimama mbele ya hoteli, mimi nikarudi na picha ya paka wa hoteli. Walinicheka sana, na kila Desemba walikuja mezani kwangu kuuliza mwaka huu nimeleta mnyama gani. Raha hiyo yote, ambayo imenibeba maisha yangu, ilitaka kukatwa ikiwa changa, katika mwaka mmoja tu, ule niliomaliza kidato cha nne na kwenda kukaa kwa mama mdogo Ndeshi kwenye miteremko ya Meru, juu ya Tengeru.

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa ya mbao, imezungukwa na migomba na kahawa kiasi kwamba mgeni aliliona paa kwanza, mlango baadaye. Ilikuwa na sebule, vyumba viwili, na kuta zisizofika juu, kwa hiyo kikohozi cha sebuleni kilisikika chumbani na siri ya chumbani ilisikika sebuleni. Jiko lilikuwa nje, na humo ndimo tulimoishi hasa. Nikifumba macho hata leo nauona moshi ukitafuta njia kupitia nyasi za paa, na sufuria ya loshoro imefunikwa kwa jani la mgomba, mahindi yamelainika yakisubiri maziwa mgando. Tulikula tumeketi kwenye vigoda, na mama mdogo alikuwa na kawaida ya kuanza maneno mazito mtu akiwa na kijiko mdomoni, ili asijibiwe. Ndivyo alivyonikabidhi kamera. Alikuwa anafua mashuka kwenye hoteli moja ya watalii kule bondeni, na mgeni mmoja akiondoka alimwachia kamera ndogo nyeusi pamoja na filamu zake. "Mimi sina muda nayo," alisema, nami nimejaza loshoro mdomoni. "Chukua wewe. Piga watu kipaimara, piga watu harusi, kamera ijinunulie filamu yenyewe. Lakini filamu si maji ya mfereji, umesikia?" Nikaitikia kwa kichwa.

Nilimsikia, lakini macho yangu yalikuwa na tabia zao. Jumapili ya kwanza nilipewa kazi ya kumpiga picha mtoto wa jirani baada ya ibada. Wasiozijua sharika zetu za mlimani niwaeleze kwamba kule watu hutoa sadaka hata kwa vitu: ndizi, mayai, maharage, kuku, mbuzi. Ibada ikiisha, vitu hivyo hupigwa mnada pale nje, na mnada ndio mahali ambapo Walutheri wapole hugeuka kuwa watu wengine kabisa. Mtu hununua mkungu kwa bei ya juu, kisha anapaza sauti, "Narudisha!" na mkungu ule ule unarudi kuuzwa upya, kanisa likivuna mara mbili, mara tatu kutoka kwenye ndizi zile zile. Jumapili ile kulikuwa na tetea mwekundu, na katikati ya mnada, akiwa mikononi mwa mwinjilisti, akataga. Yai lilidondokea kwenye kapu la maharage, zima. Ukazuka ubishi mkubwa kama yai ni la aliyenunua kuku au bado ni la kanisa, na wazee wawili waliacha kusalimiana hadi mwinjilisti alipoamua yai lipigwe mnada peke yake. Mimi nilipiga yai, nikampiga kuku anavyowatazama wale wazee, nikampiga mwinjilisti mdomo wazi. Mtoto wa jirani nilimkumbuka filamu ilipokwisha.

Krismasi tulikwenda Moshi kwa ndugu, na huko nikakutana na Yona, binamu yangu, kijana wa mashati ya kunyooshwa ambaye alikuwa na jina kwa kupiga picha za harusi. Alizitazama picha zangu mbele ya watu wote sebuleni, moja baada ya nyingine. Ilikuwapo ya ng'ombe akilamba mkono wa koti la bwana harusi, na bwana harusi hajui, anatabasamu kwa heshima akidhani ni shangazi anamshika. Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Yona hakucheka. "Hii ni kuharibu filamu," alisema. "Picha ni kumbukumbu, siyo mchezo. Mama mdogo, kamera hii ukinipa mimi itakulisha." Niliona mama mdogo amelisikia neno lile akaliweka mahali. Njiani kurudi sikuchungulia dirishani hata mara moja. Niliikumbatia kamera tumboni safari nzima.

Sasa Mzee Anaeli. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya usharika, mwimbaji wa sauti ya nne, yaani besi, na alipoimba noti za chini vioo vya madirisha viliitikia. Alikuwa mrefu, mwenye joho lililopigwa pasi ya mkaa hadi likasimama lenyewe, na kofia ya sufu ya kijivu aliyoivua mahali pawili tu, kanisani na mbele ya kamera. Kwa watu wa rika lake picha ilikuwa jambo la adabu. Unasimama wima, mikono ubavuni au kofia kifuani, unafunga mdomo, unamtazama mpiga picha kama unavyomtazama hakimu. Kucheka kwenye picha ilikuwa sawa na kucheka madhabahuni. Mwaka ule usharika ulikuwa unajiandaa na jubilei, na kwaya ilitaka picha moja kubwa ya kutundika ofisini kwa mchungaji. Mama mdogo, aliyekuwa sauti ya kwanza, alinisemea. Mzee Anaeli alinitazama kuanzia kandambili hadi nywele. "Binti," alisema, "nataka picha ya watu. Sitaki kuku."

Jumatatu ya Pasaka kwaya ilikodi basi kwenda kuimba Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima. Barabara ile inakatiza hifadhini, na kwangu ilikuwa safari ya peponi, maana kabla hatujafika mbali nilikwishaona ngiri wakikimbia mikia juu na nyati mmoja aliyesimama matopeni na ndege mgongoni. Katikati ya pori, gurudumu likapata pancha. Dereva na utingo wakalala chini ya basi, na Mzee Anaeli, ambaye hakuvumilia muda upotee, akaamuru kwaya ipange safu pale pale pembeni ya barabara, mlima nyuma yao, tupige picha ya jubilei tuimalize. Wakajipanga kwa sauti zao, akina mama mbele, wanaume nyuma, mzee mwenyewe mwisho kabisa wa safu ya nyuma, kofia kifuani. Akawataka waanze wimbo kwa sauti ya chini, midomo imefungwa, kwa kuwa aliamini kifua cha mwimbaji aliyenyamaza hakitoki vizuri pichani. Wakaimba. Nikaweka jicho kwenye kidirisha cha kamera.

Twiga alitokea kwenye migunga iliyokuwa nyuma yao, taratibu, bila kuvunja hata kijiti. Kwanza niliona masikio, halafu pembe, halafu uso wote ule mrefu ukateremka na kutulia hewani, juu kidogo ya bega la Mzee Anaeli. Kwa kweli alikuwa mbali nao hatua kadhaa, lakini kwenye kidirisha changu alikuwa amesimama safuni, mwanakwaya aliyechelewa, tena mwenye adabu zote: wima, mdomo umefungwa, jani moja limebaki pembeni, anatazama kamera kama anavyotazama mzee. Nyuso zile mbili zilikuwa ndugu. Ningepiga kelele, kwaya ingetawanyika porini na twiga angetimka. Nikashusha pumzi, nikabonyeza. Twiga akamaliza jani lake, akageuka, migunga ikamfunika. Wimbo ulipokwisha, nyuma yao kulikuwa na mlima tu, na Mzee Anaeli akasema, "Naona leo umefanya kazi."

Kwa kuwa gurudumu bado lilikuwa linasumbua, watu wakaenda kuchimba dawa vichakani, akina mama huku, wanaume kule, na dereva na utingo wakaenda kutafuta mawe ya kukinga magurudumu. Mzee Anaeli alibaki kulinda vyakula vyetu nyuma ya basi, na mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara namvizia mjusi wa rangi mbili. Nikasikia vishindo kwenye bati. Nilipogeuka, Mzee Anaeli alikuwa anapanda ngazi ya nyuma ya basi kwa kasi ambayo sijaiona tena kwa mtu wa umri ule, joho limekusanywa kiunoni, soksi nyeupe zinaonekana hadi magotini. Alipofika juu ya keria akajikunja kati ya ngoma na mkeka. Chini, kando ya kapu la ndizi, alisimama nyani. Na hakuwa nyani mkubwa. Alikuwa kinda linaloanza kujitegemea, na alikuwa ameiokota ile kofia ya kijivu, ameivaa, imemfunika hadi puani. Kidole changu kilibonyeza kabla akili haijakiuliza. Nyani akachukua ndizi, akaondoka na kofia. Mzee akainua kichwa, akaniona.

"Nilikuwa naangalia kama kuna gari linakuja," alisema kutoka juu.

"Ndiyo, baba."

Akashuka taratibu, akajipangusa. Watu waliporudi wakamuuliza kofia iko wapi. "Upepo," akajibu, ingawa siku ile hakuna jani lililotikisika. Kwaya iliimba Ngarenanyuki vizuri kuliko siku zote, na mwenyekiti wake aliimba kichwa wazi.

Filamu nilipeleka kusafisha kwenye studio moja mjini, karibu na Mnara wa Saa. Niliporudi kuchukua picha nilimkuta fundi amezitandaza mezani na ameita jirani zake wauza viatu. "Binti, huyu mwanakwaya twiga mmemtoa wapi?" aliniuliza huku akifuta machozi. Alinikuzia ile ya kwaya hadi ukubwa wa kitabu cha nyimbo, akakataa kulipwa. Nilipanda mlima na picha zangu kifuani nikijua nimepiga picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na sikuona haya kujisifu, kwani nilikuwa peke yangu njiani. Ile ya juu ya basi niliificha chini ya godoro. Ile ya twiga niliwaonyesha akina mama wa sauti ya pili siku ya mazoezi, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Habari ikazunguka usharika mzima kwamba sauti ya nne imepata mtu mpya. Mzee Anaeli akitokea, watu wananyamaza, akipita, wanashikana mabega. Alichoambulia yeye ni vicheko vilivyokatwa katikati, na maneno "mzee na mnyama."

Alasiri moja alikuja nyumbani. Nilikuwa chumbani nakunja nguo, na zile kuta fupi zikaniletea kila neno pamoja na mlio wa kijiko kwenye kikombe.

"Ndeshi, nimeambiwa binti ana picha yangu na mnyama."

"Ipo, mzee wangu. Ngoja nikuletee uione."

"Usilete. Naijua."

"Umeiona wapi?"

"Nilikuwepo, Ndeshi."

Mzee akaendelea, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ndogo, kwamba ameisimamia kwaya ile tangu vijana wake hawajaota ndevu, na mtu akishachekwa na kwaya hawezi tena kuiongoza. "Mimi sidai kitu. Hiyo kamera ipewe mtu mzima. Na picha ile isionekane tena." Mama mdogo akajibu, "Nimekusikia, baba." Jioni hiyo alisubiri nijaze mdomo. "Mavuno yakipita, kamera inakwenda Moshi kwa Yona. Wewe utaanza masomo ya uhazili. Hayo yameisha." Nilimeza lile tonge pamoja na machozi. Masomo sikuyachukia, lakini nilihisi kama nimeambiwa nitaendelea kuishi ila macho yangu yatapelekwa Moshi. Nilipolala nilimsikia mama mdogo upande wake akifungua droo alimoiweka ile ya twiga, kisha kitanda chake kikaanza kutikisika kwa kicheko alichokizuia kwa mto.

Nilikuwa na ile ya chini ya godoro. Ningetaka, ningemnyamazisha mzee siku hiyo hiyo, na nakiri niliitoa mara kadhaa nikaiangalia kwa hasira. Lakini alipanda lile basi akidhani yuko peke yake. Picha ya twiga ilikuwa ya kwaya nzima, hii ilikuwa yake. Nikairudisha. Kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa amehukumu picha ambayo hakuitazama, na niliamini kabisa, kwa ule ubishi wa umri ule, kwamba akiitazama ataipenda.

Sikukuu ya Mavuno ikafika. Siku hiyo kila mtu, hata mtoto, hupeleka kitu kilichotoka mikononi mwake, na mimi sikuwa na kuku wala tuta la maharage. Mikono yangu mwaka ule ilikuwa imevuna picha. Niling'oa vipande vya mbao kwenye chekeche bovu la kahawa, nikavipigilia kuwa fremu, nikaitia ile ya twiga, nikaifunga kwa kanga. Mama mdogo alinikuta uani na nyundo. Aliniangalia, akaiangalia kanga, akasema, "Mimi leo sijaona kitu," akajitwika mkungu wake wa ndizi na kutangulia.

Madhabahu ilizama kwenye ndizi siku hiyo. Baada ya ibada tukatoka nje, mnada ukaanza. Mbuzi wakaenda, maharage yakaenda, maboga yakaenda. Ndipo mwinjilisti akafungua kanga, akakunja uso, halafu uso ukakunjuka wote. Akaiinua picha juu. Walio karibu waliangua kicheko, walio mbali wakaanza kusukumana. Mzee Anaeli alikuwa amesimama nyuma kabisa, mlangoni pa kanisa, kichwa wazi, na kutoka pale asingeweza kuona chochote isipokuwa karatasi inayong'aa. Niliona anavyoshika mwimo wa mlango. Wakati ule nilitamani ardhi ipasuke, maana usoni kwake sikuona hasira. Niliona woga.

Fundi cherehani akaanza, akainunua, akapaza sauti, "Narudisha!" Akina mama wa sauti ya pili wakachangishana, wakainunua, "Tunarudisha!" Vijana wa sauti ya tatu wakapanda juu yao. Kelele ilipokuwa imekolea, sauti ikatoka mlangoni, ile ya kutetemesha vioo. "Mimi naongeza." Watu wakampisha. Alikuwa anakuja mbele huku akitaja bei, na kila alipoitaja, vijana, ambao walidhani ni utani mtamu wa sikukuu, walimpandia. Alipofika mezani alikuwa amefika mwisho wa mfuko wake, na kila mtu aliona. "Weka na beberu wangu juu yake," akasema. Hakuna aliyeongeza.

"Mzee," mwinjilisti akauliza, kama inavyopaswa kuulizwa, "unachukua au unarudisha?"

"Nachukua." Aliishika picha ikiwa imegeuka chini, akachukua kanga kuifunga. Kumbe kanga ilikuwa imekwama kwenye msumari wangu mbaya wa fremu, ikabidi aigeuze ili aichomoe. Akasimama. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akaisogeza picha karibu na uso, kisha akaitenga mbali.

"Kumbe ni hii?" alisema polepole, na hakuwa anamwambia mtu. Hapo ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile alidhani picha inayotembea vinywani mwa watu ni ile ya juu ya basi. Alikuja nyumbani kwetu kwa ajili ya nyani, akabeba aibu ya nyani kila Jumapili hata picha ya jubilei asithubutu kuiulizia, na sasa alikuwa amempoteza beberu wake kuzika picha ambayo haikuwapo pale.

Akanitafuta kwa macho. "Binti, huyu alikuwa nyuma yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Kweli kweli? Hukubandika?"

"Kweli, baba. Alikuwepo."

"Na mimi sikukimbia."

Nilimtazama, naye akanitazama, na kati yetu sisi wawili lilipita basi zima. "Hukukimbia, baba," nikasema. "Ulisimama." Na kila neno lilikuwa la kweli.

Mzee Anaeli akawageukia watu, akaiinua picha kwa mikono miwili. "Mmeona?" akanguruma. "Twiga yuko hapa! Mimi niko hapa! Na noti yangu sikuiacha!" Kisha, kwa mara ya kwanza mbele ya usharika, alifungua mdomo akacheka, kicheko cha chini kabisa cha sauti ya nne, na watu walipiga vigelegele hadi mbuzi wakakata kamba. "Narudisha!" akapaza sauti. Kwaya nzima ikachanga, akina mama wakafungua mafundo ya kanga, ikainunua kwa umoja na kumkabidhi yeye. Nakala nyingine ilitundikwa ofisini kwa mchungaji, na iko hapo hadi leo. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Mama mdogo alinipitia ubavuni, ndizi za mtu mwingine kichwani, akasema bila kusimama, "Yona atafute kamera yake mwenyewe." Uhazili nilisoma, na kamera ilikwenda nami. Sijawahi kushinda kitu kikubwa kuliko kile, na sijawahi kujidai kwamba kilikuwa kidogo.

Wiki iliyofuata mzee alikuja tena nyumbani, na safari hii aliomba nikae naye sebuleni. Alisubiri mama mdogo aende kutazama chai. "Ile nyingine ipo?" akauliza.

"Ipo, baba."

"Nani ameiona?"

"Mimi, na fundi wa studio na jirani zake. Hawakujui."

"Ilete." Niliichomoa chini ya godoro nikampa. Aliitazama kwa muda, akaanza kutikisika mabega. "Huyu nyani alikuwa mdogo hivi?" akaninong'oneza. "Siku ile alikuwa mkubwa." Alicheka kimya kimya hadi akavua miwani. Kisha akanirudishia. "Itunze wewe. Nikingali mzima asiione mtu. Siku mkishaniimbia, wape. Watakuwa wamelia vya kutosha."

Nasi tumemwimbia. Tulimzika kwenye migomba yake, mlima ukiwa wazi, na wazee wa kwaya ile waliobaki walisimama kwa sauti zao, mimi nikajiunga nao, tukaimba, ingawa sauti ya nne sasa ni mtu mmoja anayekohoa. Baada ya chakula tuliketi sebuleni kwake. Picha ya twiga ilikuwa ukutani juu ya redio, imepambwa kwa kitambaa cha kufuma, katika ile fremu yangu ya chekeche la kahawa. Mjukuu alikuwa anawasimulia wageni wa kutoka Dar jinsi babu yake alivyosimama mbele ya twiga bila kupepesa, na katika masimulizi yake twiga alikuwa amekasirika na walikuwa watatu. Nikainuka, goti likalalamika, nikamwendea mjane, Mama Elinami, aliyekuwa kwenye kochi la pembeni amejifunika kanga. Nikampa picha mkononi. "Alisema niwaletee, mama. Alisema mkishalia."

Aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaona basi. Akaona joho lililokusanywa kiunoni na soksi nyeupe alizozifua yeye mwenyewe, na chini kabisa, kando ya kapu, lile kinda limevaa kofia ya sufu. Akainamisha uso kwenye kanga na mabega yakaanza kutikisika, na binti zake wakamkimbilia kumshika. Aliwasukuma. Alipoinua uso tukaona anacheka, machozi yanamtiririka, hana pumzi, anakigonga kidole chake kwenye ile kofia.

"Niliifuma mimi hii," alisema. "Na mpaka anakufa, ameniambia ni upepo."